Usukani wa Ukutani

Shemeji yake fundi hakutaka kuuona tena usukani wa gari la marehemu mumewe.

"Kila nikiushika una joto," alisema, "kama kuna mtu ameuachia sasa hivi."

"Ni joto la jua tu hilo, shemeji. Maiti hana leseni," fundi alimjibu. Mdomo wake haukujua kunyamaza hata kwenye msiba wa kaka yake mwenyewe.

Alichomoa waya wa betri, akafungua nati ya katikati, akauvuta usukani huku akiutukana kwa kung'ang'ania. Akautundika kwenye msumari ukutani, akafunga mpya, akamkabidhi shemeji ufunguo.

Gari lilipotoka getini lilikata kulia. Ukutani, usukani wa zamani nao ukazunguka kulia.

"Upepo tu," fundi alijiambia, ingawa hata jani halikutikisika. Gari lilipofika kona ya shule, usukani ulizunguka tena, taratibu, kama alivyokuwa akiendesha kaka yake. Nywele zikamsimama. Kisha hasira zikampanda.

"Kaka, mwache mkeo aende zake!"

Akaurukia, akaukamata kwa mikono miwili. Kweli ulikuwa na joto. Ulitaka kwenda kushoto. Ukamvuta, ukamsukuma, naye akakaza misuli mpaka jasho likamtoka, asiuruhusu kusogea hata kidogo.

Ndipo alipokumbuka kwamba barabara, ikifika darajani, inakata kushoto.

Akauachia. Kule bondeni honi ilikuwa imeanza kulia, na haikunyamaza.