Milimita Mbili na Ushei

Tulimwita Mama Pacha kwa sababu alirudi kwenye mbio za marathoni baada ya kuwanyonyesha mapacha mwaka mzima, wakati watu walishasema amekwisha. Mimi ni fundi wa viatu katika kituo alichofanyia mazoezi. Si fundi wa kushona kandambili. Kazi yangu ni kupima nyayo za wakimbiaji, kukata soli, kubandika, kubandua na kubandika tena mpaka mguu na kiatu vipatane.

Kituo chetu hakikukosa kitu. Palikuwa na mashine ya kukimbilia iliyozungukwa na kamera nane, barakoa za kupima pumzi, na chumba cha kulala ambacho hewa yake ilipunguzwa makusudi ili mwili udhani uko mlimani. Mama Pacha alilala humo miezi mitatu. Kila asubuhi muuguzi alimtoboa ncha ya sikio apate tone la damu, naye akimwambia, "Toboa tu, dada, hereni nitajinunulia mwenyewe."

Nilichompendea si kasi. Wenye kasi nimewaona wengi. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Akipewa dawa ya kikohozi, anauliza mna nini ndani yake, anaandika kwenye daftari. Akiwekewa mashine mpya, anauliza inafanya nini, na kama ni halali. Daktari wa kituo alichoshwa naye mpaka akaanza kumheshimu.

Kamera zilituonyesha kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, na ukichoka unatua vibaya. Siku mbili kabla ya mashindano ya kuchagua timu ya taifa, nikaweka kipande chembamba cha sponji ndani ya kiatu cha kushoto. Akakijaribu uani, huku na huku, akacheka.

"Kaka fundi, leo ndiyo nimepata miguu miwili!"

Siku ya mashindano alikimbia kama mtu anayejua njia ya kwao. Kufika kilomita ya thelathini alikuwa peke yake, mabega yametulia, uso hauna hata kunjo. Alivunja rekodi ya taifa kwa sekunde kumi na tisa. Kocha wetu, mtu mzima mwenye mvi, alilia mbele za watu wala hakujifuta.

Jumatatu nilikaa mezani kwangu kupima soli zimelika kiasi gani, kazi ya kawaida baada ya mashindano. Kiatu cha kulia, milimita thelathini na tisa na nusu. Cha kushoto, arobaini na mbili na ushei. Nikadhani kipimo kimeharibika. Nikakifuta, nikapima tena, mara nne. Sheria inasema soli, pamoja na chochote kilichomo ndani ya kiatu, isizidi milimita arobaini. Mimi nilikuwa nimepima kabla ya kuweka kile kipande, nikajaza fomu, kisha pilikapilika za safari zikanisahaulisha kupima upya. Waamuzi waliona fomu, wakaridhika.

Sitajifanya malaika. Kukibandua kipande kile ni kazi ya dakika moja, na nani angejua? Nilikaa nimekishika kiatu mpaka wenzangu wakatoka kula na kurudi. Kisha nikakumbuka jinsi alivyouliza hata habari za dawa ya kikohozi. Nikakitia kiatu kwenye mkoba, nikaenda kwake.

Nilimkuta sebuleni anamsuka pacha mmoja, mwingine kalala kwenye mkeka. Mama mkwe wake alikuwa dirishani akichambua mchele. Nikaeleza yote, kichwa nimekiinamisha kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Hizo milimita zimenipa sekunde ngapi?" akauliza.

"Hakuna ajuaye. Labda hata moja. Labda zote."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Akamgeukia mama mkwe. "Na mama."

"Mimi mzee, sisikii," bibi akajibu haraka, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Tukacheka sote watatu. Kisha kicheko kikamwishia, akamaliza kumsuka mtoto taratibu, nywele kwa nywele, machozi yakimdondoka. Alipofunga msuko wa mwisho akasema, "Mwite kocha."

Kocha alikuja, akawaka. "Milimita mbili! Hata ukucha wangu unazidi hapo! Kila mkimbiaji siku hizi anasaidiwa na mashine. Wewe ndiye utakayejitia msafi?"

"Mashine nazipenda, kocha. Zimenirudisha barabarani. Lakini mstari ukishachorwa, umechorwa. Timu inachukua watatu. Yule dada aliyefika wa nne alivaa kiatu kisichozidi milimita arobaini. Nikikutana naye, nimtazameje?"

"Sema kosa ni la fundi!"

"Nitasema la fundi. Lakini aliyekivaa ni mimi."

Ndipo yule bibi asiyesikia akaweka ungo chini.

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Na mwanangu huyu kazi yake ni mbio ndefu."

Siku iliyofuata mimi na Mama Pacha tuliandika barua kwa chama cha riadha, tukatia sahihi wote wawili. Matokeo ya mbio zake yakafutwa, rekodi ikafutwa, na dada wa nne akaingia kwenye timu. Mimi nilisimamishwa kazi miezi miwili, na nilistahili. Yeye aliitwa mdanganyifu barabarani na watu ambao hawakuisoma barua. Siku moja nilimsikia mtu akimzomea kutoka kwenye kibaraza cha duka. Aliendelea kukimbia, saa mkononi, hakupunguza hata hatua.

Timu ikasafiri bila yeye. Alizitazama mbio zile kwenye televisheni amewapakata mapacha, na nasikia alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka uliofuata nilimtengenezea viatu vipya. Kile kipande nilikiweka tena, maana mguu wake ulikihitaji, lakini safari hii nilichonga soli ya nje kwanza. Asubuhi ya mashindano alimpelekea mwamuzi mkuu viatu mkononi, akamwomba apime mwenyewe. Thelathini na tisa na nukta nane.

Hakuvunja rekodi. Upepo ulikuwa mkali, naye alifika wa pili, nusu dakika nyuma ya ule muda uliofutwa. Lakini nafasi ya timu aliipata. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa barabara, miguu ameinyoosha, anakunywa maji kwa mafundo makubwa. Nikampa hongera.

"Asante, kaka fundi," akasema. Kisha akajiinua kwa shida, akaenda kusimama kwenye kamba ya watazamaji kuwapigia makofi waliokuwa bado wanakuja.