Meza ya Wanaojifunza

Fundi viatu aliegemeza simu kwenye kopo la gundi, akakifuta kioo chake kwa kitambaa kilekile anachofutia viatu vya wateja, akafungua mchezo wa karata aliowekewa na binti yake. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati wateja hupungua na barabara husinzia kidogo. Mchezo wenyewe huitwa blakijeki, ingawa wengi huuita ishirini na moja. Binti, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, alimwekea ili ubongo wake usije ukashika kutu. Tangu afiwe na mkewe, mzee alikuwa akifungua duka, anakaa kwenye kigoda chake, anashika kiatu kimoja asubuhi, na jioni kiatu kile bado kiko mkononi.

Alibonyeza palipoandikwa Meza ya Wanaojifunza, ambako mtu huchezea vibao vya bure visivyoweza kununua hata njiti ya kiberiti. Picha ikaganda, kisha ikaganduka. Pakatokea meza ya kijani yenye umbo la nusu duara, na nyuma yake mgawa karata amesimama, amevaa kizibao chekundu na tai ndogo shingoni. Mgawa karata huyo alikuwa marehemu mkewe.

"Una punje ya wali kidevuni," mke alisema.

Fundi akajifuta. "Nilikula haraka. Kuna buti la watu wanalitaka leo."

"Na buti lenyewe umelishika?"

"Nitalishika," alisema Fundi, kisha akaona ni adabu aulize kilichomleta. "Mchezo huu unachezwaje, Mama Watoto?"

Mtoto walikuwa naye mmoja tu, yule muuguzi. Lakini Fundi alianza kumwita mkewe Mama Watoto mapema, kwa matumaini, na jina likaganda.

"Sikiliza, maana wewe kusikiliza kwako ni kazi," mke alisema. "Unatafuta ishirini na moja, au uwe karibu nayo kuliko mimi. Ukipita, umeungua. Mfalme, malkia na ghulamu, kila mmoja ni kumi. Ree ni moja au kumi na moja, vyovyote itakavyokufaa. Ukitaka karata nyingine, bonyeza Ongeza. Ukiridhika, bonyeza Inatosha."

"Na wewe je?"

"Mimi sina hiari. Nikiwa chini ya kumi na saba lazima nichukue, nitake nisitake. Nikifika kumi na saba, naacha."

"Hata ukiona unakwenda kuungua?"

"Hata nikiona."

Akamgawia kumi na tisa. Fundi akabonyeza Ongeza, ikaja nane, akaungua. Mke akasonya. Ulikuwa msonyo wake halisi, ule mrefu unaoanzia kwenye jino la pembeni, na Fundi alihisi joto kifuani. Tangu msiba, hakuna mtu aliyekuwa amemsonya. Watu wote walimsemesha taratibu, kama mgonjwa.

Kuanzia siku hiyo aliwahi kula, akawahi meza. Waliongea huku karata zikitembea, maana ukizubaa kengele hulia na maandishi hutokea kukuuliza kama bado upo. Waliongea habari za zamani zaidi kuliko za sasa. Mke alimkumbusha jinsi walivyofungua duka hili, chumba chembamba ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa ukuta huku na huku. Fundi alikaa ndani kwenye kigoda, kwa kuwa ushonaji wa viatu ni kazi ya kukaa. Mke alikuwa mbele, kwenye kaunta. Ndiye aliyepokea viatu, akaviandika chaki chini ya soli, akagombana na wanaotaka kupunguziwa, akakimbia kununua nyuzi, akarudi. Mteja akija kuchukua kiatu chake, mke hukipiga soli kwa kofi kwanza ili asikie kimeshika vipi. Akihisi mlio haumridhishi, hukirudisha ndani bila neno, na Fundi hukishona upya bila neno.

"Ulikuwa ukiimba," Fundi alisema.

"Nilikuwa nahesabu jozi. Ninyi ndio mlidhani naimba."

Na karata hazikuwa ngeni kwake. Kabla ya ndoa, mke na dada zake walicheza kila alasiri juu ya mkeka, na yeye ndiye aliyekuwa mwizi wao mkuu. Wiki ya kwanza ya ndoa mvua iliwafungia ndani, akamfunga Fundi michezo yote kwa karata alizozificha chini ya paja. Baada ya hapo duka likafunguliwa, mtoto akaja, na pakiti ile ikapotelea kusikojulikana. Fundi alipoliwaza hilo alimkumbuka mkewe mno, japo alikuwa mbele yake akichanganya karata.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kuazima jiwe la kunolea, akachungulia simu. "Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba. Umenenepa."

"Maisha, shemeji." Kinyozi akamgeukia Fundi. "Mimi nilimpata mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi. Hana simile yule. Nilihitimu upesi nimkimbie. Ukihitimu wanakupeleka meza za juu, na huko wagawaji ni watu wazima wazima walio hai, hawakuulizi hata umeamkaje."

"Na huku chini kwa nini wameweka marehemu?"

"Wana subira," alisema Kinyozi. "Halafu hawaombi likizo." Akachukua jiwe aliloazima akaenda zake, maana alikuwa ameacha kichwa cha mtu nusu.

Kuhitimu kwenyewe si jambo gumu. Unatakiwa ucheze pakiti nzima, tangu karata ya kwanza hadi ya mwisho, bila kosa. Fundi si mjinga. Huyu ni mtu anayekata soli kwa macho, bila rula, na ikatoshea. Mchezo ulikwisha kumwingia zamani. Alijua lini mtu aongeze na lini atosheke, alijua kwamba mgawaji akionyesha sita kwenye karata yake ya wazi ni wa kuachwa ajiunguze mwenyewe. Alijua yote, akajitia hamnazo. Kila pakiti ilipokaribia ukingoni, Fundi aliongeza karata juu ya kumi na tisa, au juu ya ishirini kabisa, akaungua, na mke akaanza upya.

Jioni moja alimpigia binti simu kumweleza mama yake yuko wapi.

"Amevaa nini?" binti aliuliza.

"Kizibao chekundu."

"Kinamkaa?"

"Kinambana mabegani."

Nyuma ya binti zilisikika kelele za wodi, mtu akiita nesi. "Mwambie nakuja mwisho wa mwezi," alisema.

Lile neno la mabega halikumtoka Fundi. Yeye amezoea kumsoma mtu kutokea miguuni. Ukimletea kiatu tu, atakwambia mwenyewe anatembeaje na anabeba mzigo upande gani. Kwenye simu miguu ya mke haikuonekana, meza iliificha. Lakini bega la kulia lilikuwa likishuka, baada ya muda likapanda, likashuka la kushoto. Ni mtu anayepumzisha mguu mmoja kwa kuuonea mwingine. Na Fundi alikumbuka viatu vya mkewe alivyovitia soli mwaka baada ya mwaka. Visigino vyake vililika sawasawa pande zote, wala havikulika mbele kama vya mtembeaji. Vilikuwa viatu vya mtu aliyesimama mahali pamoja. Alivitengeneza vizuri sana, kwa ngozi bora kuliko ya wateja, akamrudishia, naye akavivaa akarudi kaunta.

"Hapo hamna kiti?" aliuliza.

"Mgawaji hakai," mke alisema. "Ongeza au inatosha?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka wanafunzi wangu waishe. Nina wachache. Ongeza au inatosha, Fundi, kengele itatulilia."

Fundi akaongeza.

Binti alikuja kama alivyoahidi. Alifika dukani na mkoba wake begani, hata nyumbani hajapita. Akamwomba baba yake simu, akaomba na kigoda, akajiandikisha kwenye mchezo kwa jina lake mwenyewe. Fundi akasimama mlangoni, akisalimiana na wapita njia, asije akaonekana anasikiliza. Alasiri nzima alisikia sauti mbili nyuma yake, zinafanana kiasi kwamba ukifumba macho hujui nani kasema. Waliongea habari za mchumba aliyeahirisha harusi, za zamu za hospitali, za gauni ambalo binti hakujua ampe nani. Walicheka. Kuna mahali hawakucheka. Jua lilipofika ukuta wa ng'ambo, simu ilitoa muziki mfupi wa furaha, na Fundi alipogeuka alimwona mke akimpigia binti makofi, kisha kioo kikawa cheusi.

Binti alikuwa amehitimu siku hiyohiyo.

Alijifuta macho kwa kiganja, akafungua tena mchezo kwa jina la baba yake ili ahakikishe mama yupo, akaufunga. "Nimemuuliza," alisema. "Umebaki wewe tu, Baba. Ukihitimu wewe wanampa kiti. Wana chumba chenye madirisha, wanakaa tu, mtu hawatumi."

"Karata ni ngumu, mwanangu."

"Ngumu."

"Ile ree hasa. Mara moja, mara kumi na moja."

Walikwenda nyumbani, na binti akaingia jikoni kutafuta cha kupika. Akafunua sufuria. Ndani mlikuwa na maharage ya jana, yameiva barabara, na kitunguu kimekatwa vipande vidogo vinavyolingana.

"Haya kapika nani?" aliuliza.

"Mimi."

Binti aliitazama sufuria muda mrefu. Nyumba nzima ilijua kwamba Fundi hawezi jiko. Mwezi wa kwanza wa ndoa aliunguza sufuria, na tangu hapo hakuombwa tena. Hakuna aliyejua kwamba aliiunguza akiitazama, amekunja mikono, mpaka moshi ulipotoka. Vivyo hivyo hakujua sabuni inakaa wapi, hakujua kumfunga mtoto nepi, hakujua kuandika chaki chini ya soli. "Mimi haya siyawezi, Mama Watoto," alikuwa akisema, na mke alicheka, akamnyang'anya kitu mkononi, akafanya yeye. Miaka yote Fundi aliuona ni utani wao wa mapenzi. Msiba ulipokwisha na wageni wakatawanyika, aliinjika maharage kwa mara ya kwanza, yakaiva vizuri, chumvi imekaa mahali pake, akayala peke yake huku akilia.

Binti akafunika sufuria. Walikula, na asubuhi binti akapanda basi kurudi kazini. Mlangoni alimbusu baba yake mkono na kumwambia, "Mwache akae, Baba."

"Nitamwacha," alisema Fundi, na alisema kwa moyo wake wote.

Mchana ule hakula. Alifunga nusu ya mlango wa duka, akaweka simu kwenye kopo la gundi, akapiga moyo konde. Akacheza pakiti kama inavyotakiwa kuchezwa. Alitosheka palipotosha, akaongeza palipohitaji, na alipoonyeshwa sita alimwacha mgawaji ajiunguze. Mke alielewa mapema. Mikono yake ilishika kasi, ile kasi ya zamani ya saa za kufunga duka, jozi za mwisho zinapopangwa rafuni na mtu keshaanza kuifikiria nyumba. Akatabasamu na karata zake. Fundi alimwona ujanani, juu ya mkeka, ameficha ghulamu chini ya paja.

Zikabaki karata za mzunguko mmoja. Mke akagawa. Fundi akapata mfalme na malkia, ishirini kamili. Mgawaji alionyesha sita.

Hapo hata mtoto wa shule anajua la kufanya. Mke alitua pakiti mezani, mkono mmoja ukaenda kwenye kifungo cha juu cha kizibao, akakifungua, akashusha pumzi. "Haya, Fundi," alisema kwa upole. "Fanya unavyojua."

Fundi aliangalia neno Inatosha. Akaifikiria kesho baada ya chakula cha mchana. Akakifikiria kile chumba chenye madirisha, na mkewe ndani amekaa, miguu imenyooshwa, na kwamba kwenye chumba hicho hakuna simu inayoingia. Kengele ikalia. Maandishi yakamuuliza kama bado yupo.

Akabonyeza Ongeza.

Ilikuja tano.

"Umeungua," mke alisema. Hakusonya. Alikirudisha kifungo mahali pake, akakusanya karata zote kwa upande wa kiganja, akaanza kuzichanganya.

"Hii ree," Fundi alisema, "hebu nieleze tena. Sijaielewa vizuri."

Bega la kulia la mke lilishuka, la kushoto likapanda. Akaanza kumweleza tangu mwanzo, taratibu, bila kuruka kitu, na Fundi akakisogeza kigoda chake karibu ili asikie vizuri zaidi.