Maksi za Shikamoo

Kwa miaka ishirini na mitatu Mwalimu Eustace alifundisha shule ya msingi kule Nyarugusu, na hakuna mtoto aliyemaliza darasa la saba mikononi mwake bila kujua kufupisha habari. Sasa, akiwa na miaka arobaini na tisa, amekuja chuo Shinyanga kutafuta shahada, na kilichomwangusha ni kufupisha habari. Mganga hajigangi, lakini hii ilizidi.

Walipewa makala ya Kiingereza ya kurasa nne kuhusu ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Ngitili alizijua tangu utoto, alikwishachapwa kwa kuingiza ng'ombe kabla ya wakati. Yalitakiwa maneno mia moja. Yeye aliandika mia tatu na arobaini, akapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Na akianguka kwenye sapu, anadisko: anafunga begi na kurudi Nyarugusu kuwaeleza walimu wenzake kilichomtoa chuoni.

Aliyemwangusha alikuwa Madam Lusia, mhadhiri wa miaka ishirini na minane ambaye Eustace mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma. Kila kipindi Madam alianza kwa kumwamkia mbele ya darasa, naye Eustace husimama na kuitikia, "Marahaba, Madam." Vijana walicheka wiki mbili, kisha wakazoea.

Wiki moja kabla ya sapu Eustace alikwenda ofisini kwa Madam. Hakukaa kwanza.

"Madam, usije ukanipa maksi za shikamoo."

Lusia alimhakikishia kwamba karatasi yake ataisahihisha mhadhiri mwingine, Theonest, ambaye hana huruma na mtu. Kisha akataka kuona jinsi anavyosoma. Eustace akatoa kamusi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na makala yenyewe, imejaa penseli hadi pembeni, kila neno gumu likiwa na Kiswahili chake juu. Lusia akamuuliza kwa nini katika ufupisho wake hakuacha nje hata mfano mmoja.

"Hili neno nimelihangaikia nusu saa," alisema Eustace, akiligusa kwa kidole. "Nikiliacha, naona kama nimemfukuza mtoto aliyetembea kilomita saba kuja shule."

Lusia hakucheka. Aliichukua kamusi akaifungia kwenye droo, akaigeuza makala kifudifudi. Halafu akatoka nje, akafunga mlango, akabisha hodi. Alipofungua alisimama pale pale kizingitini, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Jana sikuja shule. Mmesoma nini?"

Eustace alitaka kucheka, kisha akamkumbuka Lusia wa Nyarugusu. Mtoto yule alikuwa akikosa shule siku mbili kila wiki, akimsaidia mama yake kuponda mawe ya dhahabu karibu na maduara, mashimo ya wachimbaji. Kesho yake Eustace humngoja mlangoni mwa darasa na kumweleza yote ya jana kabla kengele haijalia. Kitabu cha kumpa hakikuwepo, wala muda. Yalikuwepo maneno machache tu, na ilibidi yatoshe. Mtoto husikiliza, husema, "Nimeelewa, Mwalimu," na kukimbilia dawati lake. Eustace alikuwa akimpenda sana mtoto yule, na hakuwahi kumwambia mtu.

Basi akamweleza. Kwa Kiswahili kwanza, kisha Lusia akaomba aambiwe tena kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilichechemea, kikivuta Kisukuma nyuma yake, lakini kilifika. Mwishoni Eustace akaongeza kwamba mwandishi kakosea, hakuwataja walinzi wa ngitili.

"Jana aliyefundisha ni mwandishi, Mwalimu," alisema Lusia kwa upole. "Wewe unaniletea tu ya kwake."

Eustace aliinamisha kichwa kama mwanafunzi, kisha akakumbuka kwamba ndivyo alivyo.

Siku ya sapu makala ilikuwa ya dagaa wanaoharibika kule Nkome, kando ya ziwa, mvua inapowakuta wameanikwa, na kamusi haikuruhusiwa. Maneno matano hakuyajua kabisa. Aliyapita, ingawa roho ilimuuma. Aliisoma makala mara mbili, akaigeuza kifudifudi, akafumba macho hadi akamwona msichana mlangoni, magoti yake meupe kwa vumbi la mawe, na kengele inakaribia kulia. Ndipo akaandika. Alipohesabu, yalikuwa maneno tisini na sita.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Theonest alimkabidhi karatasi bila kumtazama. Maksi zilikuwa sitini na moja, kwa wino mwekundu, pamoja na malalamiko mawili kuhusu sarufi, yote ya haki. Eustace alizisoma mara tatu kabla ya kuamini kwamba harudi nyumbani.

Ndipo akaona kwamba chini kabisa mtu mwingine ameandika kwa penseli. Mwandiko aliujua, kwa kuwa ndiye aliyeufundisha, herufi kwa herufi, kwenye dawati la mbele kule Nyarugusu.

"Nimeelewa, Mwalimu."