Kisanduku chenye Tundu Moja

Bendi ilianza na watu saba, na hao saba wakapungua kama sabuni ya msafiri. Baada ya mwaka wa vurugu za Likoni wageni waliadimika, hoteli za Diani zikafunga nusu ya vyumba, na nyani, kwa maneno ya Masila, wakawa wanalala vitandani na kupiga simu jikoni kuulizia chai ya maziwa. Mpiga tarumbeta alirudi Voi. Mpiga ngoma alioa Mswisi akahamia kwenye theluji. Ulipofika mwaka wa tisini na tisa walibaki wawili tu: Idris wa Majoreni, mpiga kinanda na mwimbaji, na Masila wa Shimba Hills, mpiga gitaa.

Hawa wawili walikuwa watani. Utani wao haukutoka kwa babu. Waliuanzisha wenyewe siku ya kwanza walipokutana, pale Masila alipokataa papa mkavu akisema ananuka viatu vya polisi. Tangu hapo Idris akawa Mla Papa, Masila, kwa mahindi ya kukoboa ya kwao, akawa Mla Muthokoi, na majina yao ya kuzaliwa yakabaki kwa wake zao na kwa chifu. Mtani hatukani kwa chuki, anatukana kwa haki, na mwenye haki hiyo ndiye atakayekuja kufanya vituko mazikoni mwako watu wacheke huku wanalia. Masila alikwisha kuahidi kwamba Idris akitangulia, atalala chini mbele ya jeneza asinyanyuke mpaka apewe samaki changu watatu wabichi.

Tena Masila alikuwa mwongo wa kipaji. Alisimulia kwamba ndovu mmoja wa Shimba Hills aliingia shambani kwake, akaacha mahindi yote, akaja dirishani kusikiliza gitaa. Waya wa tatu ulikuwa umelegea kidogo, na ndovu akagoma kuondoka mpaka ulipokazwa. Watu walipomcheka, aliwaonyesha alama ya mkonga kwenye dirisha. Alama ilikuwepo kweli. Nani aliiweka, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa, Idris alikuwa ameachiwa kompyuta ya mapajani na Mjerumani mmoja mpenda muziki. Kinanda kiliungwa nayo kwa waya, na ndani yake mlikuwa na ngoma, besi, hata fidla. Siku moja ya mvua, chumbani kwake Ukunda, Idris alimrekodi Masila nyimbo kumi na nne, ili mazoezi yasikose gitaa siku ambazo Masila yuko shambani. Katika wimbo wa nne Idris alichelewa kuingia, na sauti ya Masila ikanaswa humo humo, ina kicheko ndani yake: "Mla papa, umechelewa tena." Idris alikusudia kuifuta. Hakuifuta.

Tatizo la kompyuta lilikuwa sauti. Kwenye kitundu chake cha ubavuni ilitoka na mvumo, kama mtu anayekaanga dagaa nyuma ya pazia. Mashine ya kuchanganyia sauti ya hoteli waliyopigia Diani nayo ilikwisha kuliwa na chumvi ya bahari, na amplifaya iliyosalia ilipokea chombo kimoja tu. Kwa hiyo kila sauti ya jukwaani ililazimika kupita kwenye kompyuta, na dawa yake ni kadi ya sauti ya nje: kibati kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, na kisanduku chake kinachokaa mezani. Meneja wa hoteli naye alisema neno lake kwa upole. Waje wawili, aje mmoja, hilo ni shauri lao. Yeye atalipa mmoja.

Masila alifurahi kusikia habari za kisanduku. Alichukua waya mrefu wa gitaa, akaulehemu upya kwa risasi, akauzungushia uzi mwekundu kichwani ili usichanganywe na wa mtu mwingine. Kisha akamtuma Idris Mombasa.

Dukani kwa Abdurahman, karibu na Mwembe Tayari, palikuwa na visanduku viwili vilivyotoka Dubai, bei zao ndugu. Cha kijivu kilikuwa na matundu mawili ya kuingizia, la kipaza sauti na la gitaa, na swichi ya kulipeleka gitaa moja kwa moja kwenye spika, ili mpigaji asiguse waya sasa akasikia sauti keshokutwa. Lakini mvumo kidogo kilikuwa nao. Cheusi kilikuwa na tundu moja tu.

Abdurahman alimwambia asihadaike na maandishi ya boksi. Jukwaani, alisema, kuna mambo ya kuangalia: sauti isichelewe, isivume, tundu lisilegee waya ukikanyagwa na mlevi. Akamvalisha hedifoni ili asikilize cheusi, na kwa jaribio akafungua nyimbo zilizokuwemo kwenye kompyuta aliyokuja nayo Idris.

Lilikuwa gitaa la Masila. Idris alilisikia kama hajapata kulisikia, kila kidole mahali pake, hata pumzi ya mpigaji kabla ya kiitikio. Hapakuwa na mvumo wowote. Alisimama pale amefumba macho, na wazo likamjia ambalo hakuliita: mbona gitaa limo humu tayari.

"Mko wangapi jukwaani?" Abdurahman akauliza.

Idris akavua hedifoni.

"Mmoja," akasema.

Njiani kurudi na cheusi hakujua kama ile ilikuwa tamaa au yalikuwa masikio. Alijiambia masikio.

Ijumaa alasiri Masila alikuja hotelini na gitaa begani, waya wa uzi mwekundu shingoni kama shada. Idris alikuwa anajaribu sauti. Masila alikizunguka kile kisanduku mara mbili, akainama, akachungulia nyuma, akachungulia chini. Tundu lilikuwa moja, na kipaza sauti kilikwisha kulikalia.

"Mla papa, nyumba gani hii umejenga haina mlango wa mgeni?"

Idris akamwambia vyenye matundu mawili vilikuwa vimekwisha dukani. Masila, ambaye aliwahi kuwauzia watu wazima ndovu mwenye sikio la muziki, aliutambua uongo huo mchanga ungali na kitovu. Kwenye spika wimbo ulikuwa unaendelea, na gitaa likaingia.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

Masila alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesomewa barua.

"Napiga vizuri," akasema. Kisha akaukunja waya wake polepole. "Haya, Bwana Idris. Kazi njema."

Miaka kumi na mmoja ya utani, na hilo jina halijawahi kutoka kinywani mwake.

Idris alivumilia majuma matatu. Wageni walipiga makofi, meneja alitabasamu, na kila ulipofika wimbo wa nne Idris aliteremsha sauti upesi ili yale maneno yasisikike. Juma la nne alikwenda Mombasa, akambembeleza Abdurahman, akabadilishiwa cheusi kwa kijivu. Kutoka hapo hakupita hotelini. Alipanda moja kwa moja Shimba Hills.

"Mla muthokoi," alianza kwenye kizingiti, "nimekuletea mlango."

"Karibu, Bwana Idris. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Kalondu, mke wa Masila, alileta chai. Masila alikipokea kisanduku kwa mikono miwili, akayaangalia matundu yote mawili, akakirudisha kwa adabu. Alisema ni kizuri, na atakayepiga pamoja na Bwana Idris atafaidi. Gitaa, alieleza, amewapa vijana wa kanisani. Mahindi mwaka huu yanataka mtu wa kushinda shambani. Idris akamuuliza habari za ndovu. Masila akajibu kwamba ndovu hawajaonekana siku nyingi.

Idris alikaa mpaka chai ikapoa, akingoja tusi moja tu, hata dogo, hata la papa. Alipewa ndizi mbivu za kuwapelekea watoto na salamu za kumfikishia mkewe. Uani, alipokuwa akiaga, aliona kamba ya nguo mpya: waya mrefu mweusi uliofungwa kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai, umebeba sare za shule zinazochuruzika maji. Mwishoni ulining'inia uzi mwekundu.

Kisanduku cha kijivu ndicho kilichokaa hotelini tangu siku hiyo, kikivuma kidogo, tundu lake la pili wazi. Idris hakuteremsha tena sauti kwenye wimbo wa nne. Hata kuingia hakuingia kwa wakati: aliinua mikono juu ya kinanda, akaiacha hapo kwa makusudi, mapigo mawili, ili aambiwe amechelewa.

Wageni hawakujua maneno yale. Walidhani ni sehemu ya wimbo, wakapiga makofi.