Vichwa vya Shaba vya Aubrey

Mume wangu, Aubrey Lambourne, alitibu meno ya watu wa mji wetu wa Leominster kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kumbishia. Wangembishiaje, midomo imejaa pamba na vyuma? Akastaafu akiamini kabisa kwamba dunia nzima inakubaliana naye.

Mwaka ule aliostaafu, mjomba wake Lionel alifariki akatuachia bunduki. Nasema akatuachia, kwa sababu wosia ulitutaja sote wawili na kibali cha polisi kina jina langu pia, ingawa Aubrey husoma sehemu hiyo kama watu wanavyosoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, iliyotengenezwa Birmingham mwaka 1908, na maua madogo yamechongwa kwenye chuma chake kwa ustadi wa kukusahaulisha kwamba iliundwa kuulia nyati. Kwetu Herefordshire nyati hakuna. Kuna kondoo na mvua. Lakini kuna klabu ya wenye bunduki za namna hiyo, wanaume kumi na wanne na mimi, na hukutana kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa kuzipiga karatasi zenye picha ya nyati, kwa ushujaa mkubwa.

Bunduki hizi zina tabia moja ya kuudhi: hazikubali risasi yoyote tu. Fundi aliyeiunda ile yetu alikuwa akiipiga, anairekebisha mitutu, anaipiga tena, mpaka risasi za mtutu wa kulia na wa kushoto zikatua mahali pamoja, kwa kichwa cha risasi cha uzito fulani na baruti ya kiasi fulani. Kisha akavichonga vipimo hivyo chini ya mitutu ili mtu wa baadaye asihangaike. Zaidi ya karne moja vimekaa pale, na vinasomeka bila miwani. Aubrey hakuvisoma. Alikuwa amesoma mtandaoni.

Huko mtandaoni alimpata bwana mmoja asiye na jina wala sura, ambaye badala ya picha yake aliweka picha ya tai. Bwana Tai alisema vichwa vya zamani, vyenye metali laini ya risasi ndani na ngozi nyembamba ya shaba nje, ni mambo ya mababu. Mtu wa kisasa anatumia kichwa cha shaba tupu, kilichochongwa kwa mashine, kigumu mpaka katikati. Aubrey akaagiza maboksi mawili ya vichwa hivyo. Vilipofika alivishika kwenye mwanga wa dirisha la jikoni kama mtu aliyeletewa pete.

Nilimwomba tupitie kwanza kwa Wilf Tolley. Wilf ni fundi bunduki, ana miaka sabini na minne, na karakana yake iko nyuma ya duka la kuuza vyakula vya kuku. Aubrey alikubali kwa upole wa mtu anayekwenda kumwelimisha mzee. Wilf aliichukua bunduki. Aliupaka mafuta mtutu wa kulia, akasukuma donge la risasi laini ndani yake kwa ufito wa mbao mpaka likatokea upande wa pili limeshika alama za mistari iliyochongwa ndani, akalipima. Akafanya hivyohivyo kwa wa kushoto. Halafu akapima kichwa kimoja cha shaba cha Aubrey, akavua miwani.

"Daktari, hivi vyako ni vinene kuliko tundu. Kidogo tu, lakini ni vinene."

"Kidogo, basi," alisema Aubrey. "Vitajibana."

"Cha risasi laini kinajibana. Hiki hakijibani. Kitakachosogea ni chuma cha mtutu, na hiki ni chembamba, mzee wangu. Utaona mistari ya ndani imejichora nje kama mbavu za mbwa mwenye njaa."

Aubrey alicheka, akamwambia kwamba sayansi imepiga hatua. Kisha akamweleza habari za Bwana Tai. Wilf alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi kama ningependa chai.

Kwa wiki nzima nilimsihi mume wangu. Nilimsomea maandishi ya chini ya mitutu. Nilimwambia mjomba Lionel aliitumia bunduki ile miaka arobaini kwa vichwa vya aina ileile. Alinijibu kwamba mjomba Lionel pia alikuwa akinyoa ndevu kwa maji baridi. Siku ya Alhamisi akaingia gereji, akafunga mlango, akajaza maganda kwa baruti na vile vichwa, risasi ishirini, akazipanga ndani ya boksi la ngozi akipiga mluzi.

Ijumaa nikaenda kwa Wilf peke yangu. Alikuwa ameshanitengenezea ishirini, bila kuombwa: uzito uleule uliochongwa, unene uliokubaliana na tundu, risasi laini ndani, ngozi ya shaba nje. Kwa macho hukuweza kuzitofautisha na zile za gereji. Ungehitaji mizani, au msumeno. Jumamosi asubuhi, Aubrey akioga, nilizihamisha za kwake kwenye kabati la chuma la gereji, nikafunga, na za Wilf nikaziweka ndani ya boksi la ngozi. Nilijisikia mwerevu kupita kiasi. Nilikaanga hata mayai.

Kule machimboni Aubrey alipiga kulia, akapiga kushoto. Tulipoiendea karatasi, matundu mawili yalikuwa yamekaribiana kiasi kwamba kisahani cha kikombe kingeyafunika. Akapiga tena, ikawa hivyohivyo. Wenzake wakamzunguka. Na hapo, jamani, mume wangu akatoa mhadhara. Alisimama kwenye manyunyu, mkate wa soseji mkononi, akieleza kwa nusu saa jinsi shaba tupu ilivyowaumbua mafundi wa zamani. Alimtaja Wilf kwa huruma. Nilikunywa chai yangu nikitazama mawe. Niliona ni raha isiyomdhuru mtu.

Aliyemsikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa Desmond Ockley. Desmond alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa mpaka mwaka uliotangulia, alipowauza wote baada ya mgongo kumshinda. Shamba lilikuwa limekodishwa. Bunduki ya babu yake ilikuwa karibu kitu pekee cha ukoo alichobaki nacho, nayo ilikuwa ya kipimo kilekile kama yetu. Ni mtu asiyeamini mawazo yake mwenyewe, kwa hiyo anayaamini ya wengine yote. Alimuuliza Aubrey kama ile ya babu yake nayo ingefaidika.

"Itakuja kukushukuru hiyo mitutu ya bunduki yako," alisema Aubrey, akaenda kwenye gari, akarudi na pakiti ndogo ya risasi. Kumbe Alhamisi ile hakujaza ishirini. Alijaza thelathini.

Nilijua pale pale pakiti ile ilikuwa na nini. Nilimwona Desmond akiikunja bunduki ya babu yake, anatumbukiza moja, anatumbukiza ya pili. Nikaanza kutafuta namna ya kulimaliza jambo lile kimyakimya: nijifanye naumwa, nimwage chai, nimwite pembeni. Kila namna iliyonijia ilikuwa ya kulinda uso wa Aubrey, na Desmond alikuwa ameshaifunga bunduki anatembea kwenda mstarini.

"Desmond, toa hizo," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kila mtu aligeuka.

"Mpenzi, mwache mtu apige," alisema Aubrey.

"Ulizopiga wewe si zako. Ni za Wilf. Nilizibadilisha asubuhi ulipokuwa bafuni. Hizo alizoweka Desmond ndizo zako."

Machimbo yale yana mwangwi, nayo yakayarudia maneno yangu. Desmond aliikunja bunduki taratibu, akazitoa risasi mbili, akaziweka kwenye kiganja cha Aubrey bila kumtazama. Mtu mmoja alikohoa. Aubrey alikuwa bado ameshika nusu ya mkate wake wa soseji, na masikio yake yamekuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alionekana mzee. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kucheka.

Siku nne hakuniongelesha ila kuhusu chumvi. Ya tano alikuja bustanini nikipalilia, akasimama.

"Ungeniacha nizipige zangu?"

"Nisingekuacha."

"Basi ungenifichia funguo. Ungeivunja bunduki kwa shoka. Lakini umeniacha nisimame mbele ya watu nusu saa nzima nikijisifu."

Huwa sikosi jibu la kejeli, lakini alikuwa na haki. Nilimwokoa kama mtu anavyomwokoa mtoto, halafu nikakaa kando nikafurahia mchezo. Nikamwambia nimekosea. Akasema naye amekosea, kwa sauti ndogo sana, maana neno hilo alikuwa hajalizoea.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Wilf na Desmond, akabeba vichwa vyote vya shaba vilivyobaki. Wilf alipima mtutu wa bunduki ya Desmond: chuma chake kilikuwa chembamba kuliko cha wetu. Aubrey alitoka nje akakaa kwenye magunia ya vyakula vya kuku kwa muda mrefu.

Sasa hivi amepona. Anawaeleza wanachama wapya, kwa kirefu, kwamba ni lazima kupima tundu kwanza na kusoma maandishi ya chini ya mitutu, jambo ambalo, kwa jinsi anavyolisimulia, aligundua yeye. Desmond humsikiliza kwa makini. Wilf naye hunimiminia chai. Mimi hupiga wa kwanza siku hizi, na mtutu wa kushoto ndio ninaoupenda.