Mtungi wa Peilan

Mitungi ya samaki wa kuchachusha ilioshwa Jumanne, kwa sabuni, na vijana wa ofisi ya utamaduni waliokuwa na adabu sana. Ilikuwa inapelekwa kwenye maonyesho, na maonyesho hayataki harufu. Wu Peilan alirudi kutoka shambani akakuta maji ya mtungi wake yakitiririka mferejini: maji ya chachu aliyoachiwa na mama mkwe wake, ambaye naye aliachiwa na mkwe wake. Alisimama akayatazama mpaka yakaisha. Apige kelele za nini tena? Akaingia ndani kubandika wali.

Jioni ya karamu ya mavuno, kijiji kizima hula kwenye meza moja ndefu, kuanzia mnara wa ngoma hadi darajani. Kila nyumba huleta samaki wake. Wafu nao huja. Macho yao ni mabovu, kama ya wafu wote wa milima hii ya Guizhou, kwa hiyo hufuata harufu. Kila mmoja huijua pilipili ya kwao, huketi kwao, hula, huuliza habari za nyati wa kulimia, huondoka. Shi Guangcai, mume wa Peilan, hakuwahi kukosa tangu azikwe.

Safari hii samaki walitoka jiko moja la mjini, ndani ya masanduku ya plastiki. Juu ya meza ofisi ilitundika kitambaa chekundu chenye neno la wahenga: KUPATANA SI KUFANANA.

"Katibu," Peilan alimwambia Long Qiuyue, binti wa ofisi, "hilo neno umelisoma?"

"Shangazi, wageni wakiharisha lawama ni zangu. Na mitungi yenu ipo, nyuma ya kioo, na majina yenu."

"Chumvi ukiitia chumvi, binti yangu, hujapika."

"Hilo zuri!" Katibu akaliandika kwenye simu yake. Mwakani litatundikwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji," alisema jirani, Yang Tinghui, akitafuna. "Kula tu. Samaki si wabaya. Si wazuri pia."

Jua lilipozama wafu walifika. Walinusa, wakasitasita, kisha wakakaa popote penye nafasi. Babu yake Tinghui alikaa na watalii, wakapiga naye picha. Mama mkwe wa Peilan alikaa kwa watu aliogombana nao maisha yake yote kwa ajili ya mpaka wa shamba, akaomba aongezewe. Katibu aliridhika, maana hapakuwa na ugomvi.

Guangcai aliifuata meza nzima, akiinamia kila bakuli. Alipofika kwa mkewe alinusa, akanyoosha mgongo.

"Samahani, dada. Kwa Peilan ni wapi?"

"Ni hapa. Ni mimi, Guangcai."

Alicheka kwa heshima. "Acha utani, dada. Kwa Peilan kunanukia."

Peilan alichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyebeba maji kutwa. Angeweza kubishana. Badala yake alisogea, akapangusa benchi.

"Kaa basi. Anakuja."

Alikaa, akala kidogo kwa adabu, uso ameuelekeza darajani. Peilan alimtolea miiba ya samaki, kama zamani, naye akashukuru kama mgeni.

Mwaka uliofuata kitambaa kilikuwa kipya, na samaki walewale. Guangcai alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lile.

"Bado hajafika, dada?"

"Bado," alisema Peilan, akimpa vijiti. "Kula kwanza."