Kaditama ya Mtu wa Patsy

Serikali ya vijana ilipopiga marufuku harusi kubwa, walioumia mjini Mutsamudu walikuwa wengi, lakini Tajidini aliumia mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akishona majoho ya maharusi katika kibanda chake cha uchochoroni, chini ya ngome, na harusi zilipochezwa, nyimbo zilizoimbwa zilikuwa za kwake. Hakufundishwa na mtu. Mizani alijifunza kwa kugonga kidole gotini huku akiwasikiliza wazee wakisoma kasida, na vina vilimjia mwenyewe wakati mguu uko kwenye cherehani. Alikuwa kijana wa shingo ngumu, asiyepokea sifa nusu. Ukimkosoa, anawaka mpaka masikioni.

Sasa joho hakuna na wimbo hakuna. Ngoma za vyama vya harusi zilikusanywa na kamati ya mji, na watu wakadhani zitachomwa moto kama zilivyochomwa karatasi za ofisi za serikali iliyotangulia. Kumbe kamati ilikuwa na lake. Ililichukua ghala la Mfaransa mmoja aliyerudi kwao, ghala ambalo mbao zake zilinukia bado maua ya mlangilangi ya manukato, ikalipaka chokaa, ikazipanga ngoma ukutani na kutangaza kwamba hiyo ni Nyumba ya Sanaa ya mji. Mwenye kipaji aje. Haulizwi ukoo wala mtaa. Ngozi mpya za ngoma, vitambaa vya sare, mafuta ya taa, vyote juu ya kamati. Na siku ya kutimia mwaka wa pili wa uhuru mji ungepeleka Moroni, makao makuu ya nchi, wimbo mmoja, redio iuchukue, usikike visiwani kote.

Tajidini aliifunika cherehani kwa kitambaa akaenda. Aliyekabidhiwa nyumba ile alikuwa Zubeida, msichana ambaye juzi tu alikuwa akikaa dawati la shule, na leo wazee wanapishana naye kwa adabu. Zubeida alisikiliza watunzi wote waliojitokeza, wengine wakiimba juu ya jembe, wengine juu ya bendera, na mwisho akasema wimbo wa Mutsamudu ni wa Tajidini. Siku hiyo Tajidini alitembea katikati ya uchochoro, na waliokuja mbele yake ndio waliojibana ukutani.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Ulipofika wakati wa kuimba, alisimama yeye, maana hakufikiri kama kuna mwingine. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita kuku. Wapiga ngoma walitazama chini. Mlangoni alikuwa amesimama mchukuzi mmoja kutoka Patsy, kule milimani, kapu la majimbi kichwani, akipita zake kwenda sokoni. Tajidini alipokosa pumzi katikati ya ubeti, yule mtu alikipokea kiitikio palepale alipo, kapu halijashuka, na wapiga ngoma wakainua vichwa. Zubeida alimwita ndani na kumuuliza jina. Akasema anaitwa Rijali.

Watu wa mjini wana neno kwa watu wa milimani: wamatsaha, watu wa porini. Tajidini alilitumia neno hilo mara nyingi katika siku zilizofuata, kwa sauti ya chini na ya juu. Alimfundisha Rijali beti moja moja kama mtu anayemlisha mtoto uji, akimkatiza kila pumzi, akimwambia kwamba wimbo si mzigo wa kuutupa begani na kuteremka nao mbio. Rijali hakukasirika. Alikuwa akimwita fundi, na kila alipokosolewa alirudia mpaka ikawa sawa, kisha ikawa zaidi ya sawa, na hapo ndipo Tajidini alipozidi kuumia.

Asubuhi moja mama mmoja wa mtaa alileta kanzu ya kupunguzwa. Wakati anasubiri, akawa anaimba kidogo kidogo mstari ambao Tajidini aliuhangaikia mwezi mzima. Moyo ukamruka. Akamuuliza, kana kwamba hajui, hayo ni maneno ya nani.

"Hujausikia?" mama akashangaa. "Wimbo wa Rijali huu. Yule wa Patsy. Toka nje ya kibanda, mwanangu, utapitwa na dunia."

Sindano ilimwingia kidoleni na hakuihisi.

Faraja yake ilibaki moja, nayo ni kaditama. Katika nyimbo za namna ile ngoma haziwekwi chini mpaka ubeti wa kufungia uimbwe. Hata mkono ukichoka namna gani, mpigaji anangoja neno lake la mwisho. Na ni katika ubeti huo mtunzi hujitaja. Tajidini alikuwa ameutunga wake kabla ya beti nyingine zote:

Mkiuliza mtunzi,
Tajidini ndilo jina,
bingwa, mwana wa mabingwa,
Mutsamudu kwenye shina.

Zubeida aliusikiliza, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mambo ya mabingwa wana wa mabingwa ndiyo yaliyoondolewa nchini, na kwamba nyumba, ngoma na sare ni vya mji, kwa hiyo wimbo nao ni wa mji. Atunge ubeti mwingine wa kufungia.

"Jina langu ni dogo, ndugu Zubeida. Halitaujaza mji."

"Basi kama ni dogo, hutaumia likikosekana."

Wapiga ngoma walicheka. Tajidini akaondoka, na siku iliyofuata akarudi akiwa mpole kupita kiasi. Ubeti mpya anao, akasema, ila bado unahitaji kupigwa pasi. Atampa Rijali njiani.

Melini, wakivuka kwenda Moroni, Rijali alimwomba ubeti. Tajidini akasema bahari inachafuka, hauingii kichwa cha mtu anayetapika. Na kweli Rijali alikuwa ameshika ukingo wa meli kwa mikono miwili, kijani usoni. Walipofika Moroni wakapelekwa nyumbani kwa Soidri, mwalimu mtu mzima aliyepewa kazi ya kupokea wageni, na Rijali akauomba tena juu ya sinia la wali. Akaambiwa kesho. Kesho yake, watu wakiwa wameshaanza kujaa uwanjani, akauomba mara ya tatu, na Tajidini akamwambia atakuja kumnong'oneza nyuma ya jukwaa, kila neno liwe la moto. Kisha akaondoka na kwenda kusimama nyuma kabisa ya umati, karibu na ukuta wa mawe meusi, mahali ambapo angeona na asionekane.

Ubeti mpya hakuwa nao. Hakuutunga kamwe. Aliitaka ile saa ambayo ngoma zitalia na kulia, mwimbaji atafungua mdomo na kukuta hamna kitu ndani yake, na kila mtu, hata kwenye redio, atajua kwamba sauti bila mtunzi ni kapu tupu.

Baada ya sala ya alasiri zamu ya Mutsamudu ikafika. Rijali alipanda akiwa na sare ya kitambaa cha kamati, ambayo Tajidini mwenyewe alikuwa ameishona na kuibana kwapani kwa makusudi. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaimba. Watu wa Moroni wana usemi wao, na nyimbo za visiwa vingine huwa wanazipokea kwa nusu sikio. Lakini kufikia ubeti wa pili walikuwa wameshakipokea kiitikio kana kwamba ni chao. Tajidini aliyasikia maneno yake yakirudi kutoka vinywa vya watu asiowajua. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wote walikuwa wakimtazama Rijali.

Ubeti wa mwisho kabla ya kaditama ukaisha. Kiitikio kikapita, kikapita tena. Wapiga ngoma wakainua macho wakingoja. Zubeida, kando ya jukwaa, akaanza kumtafuta mtunzi kwa macho. Tajidini akajibana zaidi ukutani. Rijali alifumba macho, akatoa sauti ya chini, ya mtu anayezungumza na mzigo wake:

Nimezoea kubeba
majimbi hadi mjini;
leo neno la Tajidini
linalemea kichwani.

Ngoma zikanyamaza kwa pigo moja. Uwanja ukalipuka. Walimtaka aurudie ubeti ule peke yake, akaurudia; wakautaka tena. Kule nyuma, kijana mmoja wa Moroni alimgeukia Tajidini na kumuuliza huyo Tajidini ni nani. Akajibu kwamba hamjui.

Jioni Soidri alimshika Tajidini mkono mbele ya wageni wake wote. Alisema ameishi na mashairi tangu utotoni, na kwamba beti nyingine za wimbo ule ni nzuri, zimeshonwa vizuri, ila ile kaditama ni kitu kingine. "Mtunzi kujitaja kwa kinywa cha mchukuzi, ajifanye yeye ni mzigo, si bingwa," alisema. "Hilo, mwanangu, halifundishwi." Tajidini akaitikia kwa kichwa. Rijali alikuwa ameketi mbele yake, anachambua samaki. Hakusema kitu.

Redio ikaufikisha wimbo Mutsamudu kabla yao. Waliporudi, watoto walikuwa wanaimba ubeti mmoja tu, na wote walikuwa na hakika ni wa Tajidini. Alikuwa amekipata alichokitaka. Anapopita, watu wanamtaja. Yule mama wa kanzu alikuja kuomba radhi na sahani ya maandazi. Na kila sifa ilimchoma, kwa kuwa alijua ilistahili kwenda kwa nani. Kibaya zaidi kilikuwa kile kimya cha Rijali. Angelidai lake, Tajidini angegombana naye, na ugomvi angeuweza. Lakini kupewa sadaka na mtu wa Patsy, kila siku, bila kuiomba!

Kamati ikakutana na watu ghalani. Zubeida alitangaza kwamba ubeti ule utaandikwa kwenye ukuta wa mbele wa Nyumba ya Sanaa, kwa rangi ya kijani, na kwamba Tajidini atawekwa rasmi kuwa mtunzi wa mji. Akageuka kwake akitabasamu. "Tulikukataza jina, ukalipitisha mgongoni kwa mchukuzi. Umetushinda kwa akili, ndugu."

Watu walipiga makofi. Rijali naye alipiga makofi, na hapo Tajidini akashindwa kuvumilia.

"Sijawahi kuvaa joho la kuazima," alisema, na uso ulikuwa umewaka. "Ubeti ule si wangu. Ni wa huyo hapo. Mimi nilimnyima wa kufungia ili aumbuke mbele ya Moroni nzima, na nilisimama nyuma nikingoja. Sasa msinisifu tena. Msifuni yeye, na mimi niacheni na wivu wangu, huo ni wangu halali."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Aliyejibu ni Rijali.

"Nilijua tangu melini, fundi. Mtu mwenye neno jipya hawezi kulinyamazia, wewe hasa. Nikaona nijitungie. Nilikuwa natapika na kutunga, natapika na kutunga."

Wakacheka, na kicheko kile kiliokoa watu wote isipokuwa mmoja. Kumbe haukuwa hata ubeti wa bahati, ulioanguka kutoka mbinguni mtu alipobanwa. Mchukuzi aliuketia na kuutunga, mara ya kwanza katika maisha yake, juu ya tumbo linalopinduka.

Zubeida hakucheka. Alisema nyumba ile mji umeifungua ili mtu amwinue mwenzake, na anayemnyima mwenzake neno mbele ya watu hawezi kuwa mtunzi wa mji. Cheo kikaenda kwa Rijali. Tajidini atabaki na ushonaji wa sare, pale pale kwenye kona ya ghala, akitaka. Na kwa sababu hakuna mwingine anayejua mizani kama yeye, atasimamia maandishi ya ukutani, yasije yakakosewa.

Angeweza kukataa. Alikwenda, kwa kuwa hakuvumilia kufikiri kwamba ukuta wa mji utaandikwa vibaya.

Mtu wa kupaka rangi alipanda ngazi. Tajidini alisimama chini akigonga kidole gotini kama zamani. Mstari wa kwanza, mizani nane. Wa pili, nane. Wa tatu ukamkwama. Akahesabu upya. Tisa. Jukwaani Rijali aliimeza mizani ile iliyozidi na hakuna aliyesikia, lakini ukutani haina wa kuimeza. Akatafuta kinachozidi, na alipokiona alicheka peke yake, kicheko kibaya. Kilichozidi kilikuwa jina lake.

Dawa nayo aliiona papo hapo: leo neno la mwenzangu. Nane kamili, na maana imekaa. Ubeti ungekuwa hauna doa, ungesomwa na wajukuu, na ungekuwa wa Rijali kutoka juu hadi chini.

Rijali alikuwa amekuja kusimama kando yake, bila kapu siku hizi. "Kuna kitu, fundi?" akauliza. "Wewe ndiye unayejua. Ukisema kirekebishwe, nitakubali."

Mpaka rangi naye alikuwa anangoja, brashi inadondoka kijani kwenye chokaa.

"Andika kama alivyoimba," Tajidini akasema.

Ukaandikwa. Tajidini alirudi kwenye cherehani yake ndani ya ghala, dirishani, na hapo ndipo anapokaa mpaka leo akishona sare za wengine. Wapitao njia husimama kuusoma ubeti kwa sauti. Mstari wa kwanza unawatoka vizuri, na wa pili. Kwenye wa tatu, mwenye sikio hujikwaa, hunyamaza, huurudia kutoka mwanzo kuona alikosea wapi. Tajidini huinua mguu kwenye pedeli, mashine ikanyamaza, akasikiliza jina lake likitajwa mara ya pili.